Weupe wa Karatasi na Muhogo wa Mferejini

Mmeniomba, nyie mliobaki chumba cha blichi, niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya peroksaidi. Wengi wenu mliikuta mitungi ya klorini ikiwa tupu nyuma ya ghala, na mnaikalia wakati wa chai. Basi nitaandika. Vyeo sitavieleza, na mshahara ndiyo kabisa, maana humo hamna la kujifunza. Ila msitarajie niandike kwa upole. Nimestaafu, sikupoa.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Nanyamba kwa wazazi wangu, baada ya kusoma sayansi sekondari na kufundishwa kidogo kazi za maabara. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, kando ya njia iendayo Kitaya, na kilitengeneza karatasi za madaftari kwa mianzi ya bonde la Ruvuma na mabaki ya mkonge. Mianzi ilikatwakatwa, ikachemshwa na kostiki, yaani magadi makali, ndani ya pipa kubwa la chuma mpaka ikawa rojo la kahawia. Rojo lilioshwa, kisha likaletwa kwetu ling'arishwe. Bila blichi karatasi ingetoka na rangi ya mfuko wa saruji, na kuiondoa rangi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Siku ya kwanza nilifika na kitenge kipya na mtandio mweusi. Mzee Haule, msimamizi wa blichi, alinitazama toka juu mpaka chini, akaniambia nirudi kesho na nguo ambazo sitazililia. Alikuwa mtu wa Songea, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kikubwa huko nyanda za juu, na maneno yake yalikuwa machache. Nilidhani ananionea. Juma halikuisha, mtandio wangu ukawa na mabaka ya rangi ya chungwa, na macho yangu yakawa mekundu hata mama mwenye nyumba akaniuliza nimefiwa na nani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta mahali klorini inapovuja. Alifunga kitambaa kwenye kijiti, akakichovya kwenye amonia, akakipitisha polepole kwenye maungio ya mabomba. Palipovuja, moshi mweupe ulitoka. Aliniambia pua isiyosikia tena harufu ya klorini haijazoea, imeshakufa, kwa hiyo nisimwamini yeyote anayejisifu kuwa haimsumbui. Meneja wetu wa wakati huo alikuwa akijisifu hivyo kila alipopita kwetu, naye alipita mara chache sana.

Kujua kama klorini imebaki kwenye maji tulitumia iyodaidi ya potasiamu, chumvi ambayo ikiyeyushwa haina rangi, pamoja na matone ya siki na wanga. Wanga wa maabara ulitakiwa utoke Dar es Salaam, na haukutoka. Mzee Haule akaagiza unga wa muhogo kutoka sokoni, tukapika uji mwepesi, tukauacha upoe. Uji ule ukichanganywa na chumvi yetu na maji yenye klorini, kila kitu kiligeuka buluu ya wino. Maji yakiwa salama, uji ulibaki mweupe. Wenzetu wa mashine walikuja wakitucheka kwamba kitengo cha blichi kina njaa mpaka kinapika uji kazini.

Sasa niwaeleze mfereji. Maji ya kuchemshia mianzi yalikuwa meusi na yalikwenda kwenye shimo lake. Maji ya kuoshea baada ya blichi yalikuwa meupe, yanapitisha mwanga kabisa, na hayo yaliachiwa mferejini yateremke mpaka kwenye mikoko, yaungane na mkono wa mto. Bondeni kulikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho aliishi shangazi yangu, Bi Fatu, dada yake baba, pamoja na binti yake Somoe. Siku za mapumziko nilikuwa nakwenda kula kwao.

Nyie mliozaliwa huku hamhitaji kufundishwa muhogo, lakini wapo wenzenu waliotoka mikoa mingine. Muhogo wetu wa kuzuia njaa ni ule mchungu, na mchungu una sumu. Unamenywa, unaloweshwa siku kadhaa shimoni mpaka unalainika na kutoa ule mnuko, ndipo unaanikwa na kuwa makopa, kisha unatwangwa unga. Kulainika ndiyo dalili kwamba ukali umetoka. Shida ya makopa ni rangi. Jua likikosekana kidogo yanaota ukungu, yanakuwa meusi, na mchuuzi kutoka Mtwara anayageuzageuza kwa kidole kimoja utadhani ameokota kitu jalalani.

Nani alianza kulowesha muhogo kwenye mfereji wetu, sijui. Ninachojua ni kwamba uliolowekwa mferejini uliamka mweupe pe. Haukuota ukungu, haukutoa mnuko, na ulianikwa kesho yake. Wachuuzi wakaugombea. Kijiji kile kikapata jina kwa unga wake, na akina mama wakapanga zamu za kukaa kando ya mfereji wasije wakaibiwa mihogo yao.

Niliugundua mezani. Shangazi alipakua ugali, mvuke ukapanda, nikasikia harufu ya kazini kwangu. Nikalirudisha tonge sahanini. Nikamuuliza muhogo umeloweshwa wapi, akaniambia kwa fahari. Nikamweleza klorini ni kitu gani, nikamwonyesha mtandio wangu. Alinisikiliza vizuri, maana hakuwa mbishi, kisha akasema, "Mwanangu, maji haya mnaoshea madaftari ya watoto wa shule. Kinachosafisha daftari la ntoto kitandhuru nani?"

Safari iliyofuata nilikwenda na kichupa cha ile chumvi isiyo na rangi na siki kidogo. Nilichukua kipande cha muhogo kutoka shimo la zamani, nikakidondoshea, kikabaki vilevile. Nikachukua kingine kibichi kutoka mferejini, nikamwekea shangazi kiganjani, nikadondosha. Wanga ulikuwa humohumo kwenye muhogo, kwa hiyo haukuhitaji uji. Kipande kikageuka buluu nzito mkononi mwake. Alikitupa, akasugua mkono kwa mchanga. Akina mama waliokuwepo wakaacha mfereji tangu siku ile, wakarudi kwenye mashimo yao, makopa yakawa meusi, na wachuuzi wakapita bila kusimama. Haukuisha mwezi, wote walikuwa wamerejea mferejini. Nilikasirika sana, lakini si kwao. Nilimkasirikia kila mlaji wa mjini aliyetaka ugali mweupe bila kuuliza umepataje weupe huo.

Mimi na Mzee Haule tukaenda kwa meneja. Tuliomba jambo dogo, kwamba maji yale yakae kwanza kwenye bwawa wazi mpaka klorini ipungue, na mfereji uzungushiwe uzio. Alitusikiliza huku akikunja mikono ya shati. Kisha akatujibu, na maneno yake nayakumbuka yote: "Maji yangekuwa mabaya, wangeloweshea chakula chao? Wale akina mama ndio wakaguzi wangu."

Tulidhani ni mzaha. Walipokuja wakaguzi wa kweli kutoka mkoani, aliwapitisha palepale mferejini na kuwaonyesha wanawake wameinama na vikapu vyao vya muhogo. Wageni wakatabasamu, wakanywa soda, wakaondoka. Nimefanya kazi na watu wengi wasiojua, na mtu asiyejua namvumilia. Huyu alijua, maana nilimwekea kipande cha buluu juu ya meza yake. Alikifuta kwa leso akasema nitamharibia meza.

Kukaja mwaka mmoja wa ukame, katikati ya miaka ya tisini. Mpunga wa bondeni ulikauka, kunde hazikupatikana, na kamba na kaa wa mikokoni walikuwa wameshaadimika kwa sababu ya mfereji huohuo. Watu walikula muhogo asubuhi na jioni, bila kitoweo. Unga uliokuwa wa kuuza sasa ukawa wa kula.

Somoe alikuwa msichana mwenye nguvu, mchezaji wa netiboli ambaye timu za vijiji vya jirani zilimwogopa. Asubuhi moja aliamka, akasimama, miguu ikatetemeka na kukakamaa. Magoti yakawa yanapishana, visigino havigusi chini. Haikuwa na maumivu makubwa, wala haikuwa na homa. Shangazi alisubiri ipite, kisha akamkanda kwa maji moto, kisha akampeleka kwa shehe akasomewa, na mwisho tukampeleka hospitali. Wengine wawili watatu kijijini walikuwa hivyohivyo.

Daktari alikuwa mtu mwema na alisema ukweli wake. Alisema ni sumu ya muhogo mchungu ambao haukuloweshwa vya kutosha, na kwamba miguu ya Somoe haitarudi ilivyokuwa. Hakuuliza maji ya kuloweshea yalikuwa ya aina gani, na nilipomweleza alisikiliza kwa makini, ila akasema yeye anaweza kuandika juu ya muhogo tu.

Hilo jibu meneja alilidaka kama mpira. Uliitishwa mkutano wa kijiji, akaja na gari la kiwanda na kipaza sauti, akasema mbele ya watu wote kwamba kiwanda hakihusiki. Kilichowalemaza watoto, alisema, ni uvivu wa mama zao, wasiotaka kungoja muhogo ulainike kama bibi zao walivyongoja. Akamtaja Bi Fatu kwa jina. Shangazi alikuwa amekaa mkekani mstari wa mbele, akajifunika uso kwa kanga. Tangu siku ile alipopita kisimani walikuwepo waliomwita Bi Haraka, na mwenyewe aliitika.

Nilirudi chumba cha blichi. Mzee Haule alinikalisha, akanieleza taratibu jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelieleza. Muhogo unalainishwa na vijidudu vinavyoota majini, ndiyo maana unanuka, na ni vijidudu hivyo vinavyoifungua nyama ya muhogo ili sumu yake itoke. Klorini inaua vijidudu. Kwa hiyo muhogo wa mferejini ulikuwa unang'aa bila kulainika, na sumu ikibaki ndani. Kwa macho ulikuwa tayari. Akasema, "Binti, kiwanda hakikutia sumu kwenye muhogo. Kiliifungia ndani." Nikataka atamke hivyo mkutanini. Alikwenda kwa meneja kuomba mkutano mwingine, na baada ya hapo akahamishiwa ghalani kuhesabu marobota mpaka alipostaafu.

Nikaachiwa blichi mimi. Miaka miwili mitatu baadaye wakaja wauzaji wa dawa na majaribio ya peroksaidi. Hapa msome vizuri maana ndiyo kazi yenu. Peroksaidi inang'arisha kwa oksijeni, na ikimaliza kazi inabaki maji. Haiachi zile sumu za klorini zinazong'ang'ania kwenye matope na kwenye mafuta ya samaki. Ila inadeka. Inataka rojo lililochemshwa vizuri na kuoshwa mara nyingi zaidi, inataka moto, inataka subira, na haipatani na chuma. Maji yetu ya Ruvuma yana kutu. Siku ya pili ya majaribio mtu mmoja aliichota kwa ndoo ya bati yenye kutu, ikachemka yenyewe na kumwagika mpaka mlangoni. Tangu hapo ndoo zote za blichi ni za plastiki. Nikimkuta mtu na bati humo ndani, hata leo hii nimestaafu, tutagombana.

Karatasi ilitoka nzuri, imara kuliko ya klorini, na rangi yake ilikuwa ya maziwa ya ng'ombe. Haikuwa nyeupe pe. Tukapeleka madaftari mashuleni, yakarudishwa. Walimu wakuu wakasema ni ya zamani. Ofisi moja ikasema karatasi ya rangi hiyo haifai kwa barua ya serikali, kana kwamba ya klorini ilizifanya barua zao zijibiwe. Mzazi mmoja aliniambia mwanawe hawezi kuandikia daftari linalofanana na dona. Nilimuuliza dona limemkosea nini. Meneja akaamuru turudi kwenye klorini, na mapipa ya peroksaidi yaliyobaki yakawekwa kivulini nyuma ya ghala.

Nataka mlielewe hili, maana limenikaa kooni miaka mingi. Hakuna aliyeikataa blichi safi kwa sababu haikufanya kazi. Karatasi yake iliandikika, haikuchanika, wino haukusambaa. Waliikataa kwa macho, kama wachuuzi walivyoyakataa makopa. Kwa macho hayo mikoko ya shangazi yangu ikaendelea kukauka matawi.

Kilichotubadilisha ni mvua. Masika moja, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, ilikuwa kubwa kupita kiasi. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika, lori likazama kwenye tope mpaka vioo, na meli iliyotakiwa kuleta mitungi ya klorini bandarini Mtwara haikuonekana. Kiwanda kikabakiwa na mapipa yale ya kivulini. Tukayatumia. Shule zikafunguliwa, madaftari mengine hayakuwepo mkoa mzima, walimu wakachukua ya rangi ya maziwa, watoto wakaandika. Hakuna mtoto aliyefeli kwa rangi ya daftari. Barabara ilipotengenezwa hakuna aliyekumbuka kudai weupe wake, na kwa kuwa klorini ilikuwa inayala mabomba, uongozi ukaona heri kuendelea hivyohivyo. Historia ya mazingira kwenye kiwanda chetu ndiyo hiyo. Iliandikwa na tope.

Mabadiliko mferejini niliyaona kwa chupa yangu. Nilipima, uji ukabaki mweupe, nikapima tena nisiamini. Miche ya mikoko ikaanza kutoka kwenye matope yaliyokuwa uchi. Kaa walirudi kabla ya kamba. Na akina mama wakaja getini kulalamika kwamba tumeharibu maji, kwa sababu hayang'arishi muhogo tena. Safari hii walinisikiliza. Wakarudi kwenye mashimo yao na siku zao za kungoja.

Lakini msidanganywe kwamba blichi safi ni maji ya kunywa. Maji yetu bado yana kahawia la mianzi na uchafu unaooza, na unapooza unakula hewa ya majini. Mwaka wa pili wa peroksaidi nilikuta samaki wamepanda juu wakihema midomo wazi, na pale hakukuwa na tone la klorini. Ndipo tukachimbiwa yale mabwawa mnayoyaona, baada ya kelele nyingi, zile nyingi zikiwa zangu. Matope ya chini kabisa, ya enzi za mitungi, yapo mpaka leo. Msiruhusu mtu ayachimbue akayafanye mchanga wa kujengea.

Shangazi alifariki miaka ya elfu mbili na kitu, kabla sijastaafu. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimwambia alichoniambia Mzee Haule, kwamba ilikuwa klorini, kwamba hakuwa mvivu. Alinijibu, "Wewe ni mwanangu, lazima useme hivyo." Alikuwa na haki. Aliyemhukumu alikuja na kipaza sauti na gari, na mimi nilikuwa naongea naye peke yetu, kitandani.

Basi mkanifanyia sherehe ya kuniaga, na wengi wenu mlikuwepo. Nilimwalika Somoe, akaja na fimbo yake na baibui aliloazima. Meneja wa sasa ni mwingine, kijana, wala yale hakuyafanya yeye. Akasimama na kusoma kwamba kiwanda hiki kiliacha klorini kwa hiari yake, kwa kuwajali majirani zake. Mkapiga makofi. Nilipopewa nafasi nilisema mvua ndiyo iliyotuachisha, nikasema muhogo wa mferejini ulikuwaje, nikamwomba meneja huyo, kwa kuwa ndiye aliyekalia kiti cha yule wa zamani, aseme neno moja tu kwa Somoe juu ya mama yake, kwamba hakuwa mvivu. Alicheka kidogo kwa aibu, akasema jambo hilo ni zito, tutakaa tulizungumze ofisini.

Somoe akajivuta juu kwa fimbo yake. Alisema, "Ofisini siji. Mama yangu alisemwa mbele ya watu."

Meneja akatazama karatasi zake. Mtu wa muziki akaongeza sauti, pilau likaanza kugawiwa. Mliona kwamba Somoe hakukaa. Sahani zilipita, soda zikapita, miguu ikimtetemeka, nikamletea kiti akakisogeza kwa fimbo. Alisimama mpaka wa mwisho wenu alipoondoka. Baadhi yenu mliniuliza mlangoni yule mama alikuwa anasubiri nini, nami sikuweza kujibu kwa kelele za muziki. Sasa mnajua, na kipaza sauti kiko kwenu.